Gari la Spoti: Hesabu Hasara Kabla Hujalipa

Ukinunua gari la spoti, umenunua pia siku ya kuliuza. Vijana wengi huisahau siku hiyo, na nimechoka kuona akiba ya miaka mitano ikiyeyuka kwa miwili.

USILINGANISHE bei za kununulia. Linganisha mapengo. Tuseme gari moja linanunuliwa milioni 40 na baada ya miaka mitatu linauzwa milioni 34. La pili linanunuliwa milioni 22, linauzwa milioni 10. Lile la kwanza limekula milioni mbili kwa mwaka, hili la "bei poa" limekula nne. Ongeza spea na riba ya mkopo, ndipo useme lipi ni ghali.

USIVUTWE na urahisi wa Mazda RX-8. Iliundwa kati ya 2003 na 2012, ina sura nzuri na usukani mtamu, lakini bei yake iko chini kwa sababu ambayo kila fundi anaijua. Injini yake haina pistoni, ina rota. Vizibo vya kwenye ncha za rota vikilika, mgandamizo hupungua, na gari hukataa kuwaka injini ikiwa ya moto. Mnunuzi wako wa kesho ataambiwa hayo na fundi wake. Ukiitaka kwa vyovyote, ipime mgandamizo kwanza, na kwa kipimo cha injini za rota. Kipimo cha kawaida hakitakupa jibu la kuaminika.

JUA ni nini kinachopandisha bei. Nissan Skyline GT-R R34 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999. Marekani hulegeza masharti yake kwa gari la nje likishatimiza miaka 25, kwa hiyo kuanzia 2024 wanunuzi wa huko nao wameingia kwenye minada ileile. Mwenye kuilinganisha bei yake na ya gari jingine la umri huo anapoteza muda.

MKENYA, shika kalenda. Gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingizwi nchini. Subaru WRX STI ya Japani yenye injini ya EJ20 iliagwa mwaka 2019 kwa toleo la magari 555 tu. Fanya hesabu mwenyewe: mlango wa kuziagiza unafungwa, na zilizo safi hapo nchini hazitaongezeka. MTANZANIA, mlango wako uko wazi, ila weka ushuru wa uchakavu kwenye hesabu. Fedha hiyo hakuna mnunuzi atakayekurudishia.

CHUKUA gia ya mkono. Honda S2000 haikutoka na gia nyingine, na wanaoitafuta hawataki nyingine.

DAI karatasi ya mnada, uisome mwenyewe au usomewe na mtu asiyepata kamisheni. Alama ya R au RA maana yake gari liligongwa na kutengenezwa. Usikubali kuambiwa "kidogo tu". Utakapouza, dalali ataitaja alama hiyohiyo ili ashushe bei, naye hatasema kidogo.

USIKATE bodi wala usibadilishe kompyuta ya injini ukidhani unaongeza thamani. Unaongeza starehe yako tu. Mnunuzi makini huona gari lililoteswa. Ukibadilisha ekzosi au rimu, za mwanzo zifunge vizuri uziweke stoo, ziondoke na gari.

USIKOPE kwa miaka mingi kuliko utakayolimiliki gari. Deni likibaki kubwa kuliko bei ya sokoni, huuzi tena unapotaka.

TUNZA risiti. Mkanda wa taimingi wa EJ20 ubadilishwe kwenye kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji, na risiti ionyeshe tarehe na kilomita. Mnunuzi wa Subaru anayejua kazi yake huulizia karatasi hiyo kabla hajafungua boneti.