Hatari za Kazi Katika Soko la Owino

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, liko katikati ya Kampala, karibu na uwanja wa Nakivubo. Kila likizo baadhi ya wanafunzi wetu huenda huko kutafuta karo: mmoja huchukua mizigo, mwingine hufungua mitumba, mwingine humsaidia fundi wa cherehani. Mimi nilisoma katika shule hii, na sasa nauza nguo sokoni humo. Nawaandikia ninyi mtakaotufuata, kwa sababu karo ikipotea hutafutwa tena, lakini jicho likipotea halirudi.

Kwanza tufahamu maneno mawili. Hatari ni kitu kiwezacho kudhuru. Ajali ni tukio lenyewe. Mkanda uliokazwa juu ya mtumba ni hatari tangu asubuhi, hata kama hajaumia mtu. Mwenye busara hushughulika na hatari, hangoji ajali.

Njia za kuzuia hatari ni tano, nazo hufuatana hivi: kuiondoa kabisa, kuweka badala yake kitu chenye hatari ndogo, kuitenga na watu, kupanga kazi vizuri na kufundisha watu, na mwisho, kuvaa vifaa vya kujikinga. Watu wengi huanzia mwisho. Hununua glavu, wakadhani wamemaliza. Lakini glavu haipunguzi uzito wa mzigo. Basi tuzitazame hatari tano za Owino kwa utaratibu huo.

1. Mzigo mzito. Mtumba wa kawaida huwa na kilo 45, na mingine huzidi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asichukue peke yake zaidi ya kilo 55, na vijana wachukue pungufu sana ya hapo. Ikiwezekana, mtumba ufunguliwe pale ushushwapo, nguo zichukuliwe kidogo kidogo. Isipowezekana, tumieni toroli, au mbebe watu wawili. Ukiinua, kunja magoti, mgongo usipinde, na mzigo uwe karibu na kifua.

2. Mkanda wa mtumba. Mkanda ukikatwa huruka kama upinde ulioachiwa. Waondoeni watu kwanza. Simama kando, usiinamie mtumba, na ukate kwa koleo, si kwa kisu. Kisha ndipo miwani ya kukinga macho na glavu vinapofaa.

3. Vumbi. Nguo zikikung'utwa ndani ya kibanda, vumbi huingia kifuani, na mwenye pumu huteseka zaidi. Zikung'uteni penye upepo, mbali na wapishi na wapitao. Barakoa husaidia, lakini haishindi hewa safi.

4. Pasi ya makaa. Makaa yakiwaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, na akizidi kuivuta huweza kufa. Pigeni pasi mahali palipo wazi. Dirisha lifunguliwe kabla makaa hayajawashwa, si baada ya kichwa kuuma.

5. Moto. Februari 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko hili, na mwaka 2011 ukazuka tena. Nguo na mbao hushika moto upesi, na vibanda vimekaribiana. Ondoeni mishumaa, tumieni tochi. Msiunganishe waya nyingi mahali pamoja, na zimeni umeme mfungapo. Zaidi ya yote, msipange bidhaa njiani. Njia iliyozibwa humzuia mtu kutoka na mzimamoto kuingia. Meza moja iliyosogezwa mbele kwa ajili ya faida yaweza kuwa mauti ya jirani.

Huenda kijana akasema, "Mimi ni kibarua tu, nitamwambia nini tajiri?" Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda, ya mwaka 2006, imemtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na mfanyakazi naye ajitunze na asiwahatarishe wenzake. Mwambie kwa adabu, na ikiwezekana mwende wawili. Kumwomba koleo au toroli si ukaidi.

Wahenga walisema, "Tahadhari kabla ya hatari." Hawakusema baada yake.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya hatari na ajali kwa mfano wako mwenyewe.
2. Kwa nini vifaa vya kujikinga huwekwa mwisho?
3. Tazama maabara, jiko au karakana ya shule. Andika hatari tatu, na kwa kila moja useme kama yaweza kuondolewa kabisa. Kisha mpelekee mwalimu anayehusika orodha hiyo.