Istilahi za Msingi za Tamthilia: Kutoka Kirumbizi hadi Kinjeketile

Mwanafunzi anapoulizwa tamthilia ni nini, mara nyingi hujibu kuwa ni mchezo wa kuigiza, kisha huichambua kana kwamba ni riwaya yenye mazungumzo mengi. Makala haya yanalenga kutofautisha istilahi chache ambazo zikichanganywa huharibu uhakiki mzima.

Tuanzie Lamu. Wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita, karibu na Msikiti wa Riyadha, huchezwa goma la kirumbizi. Mwenyeji wa Wiyoni au wa mtaa mwingine wa mji huo analijua vyema: wanaume wawili hukabiliana kwa bakora, ngoma na zumari zikilia, watu wakiwa wamewazunguka. Je, hiyo ni drama?

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), wanataja sifa nne za sanaa za maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kirumbizi kinazo zote. Dhana ni ushindani wa umahiri. Watendaji ni wacheza bakora. Uwanja ni lile duara. Watazamaji ndio waliolifanya. Hivyo basi, kirumbizi ni sanaa ya maonyesho. Hata hivyo, mchezaji hajifanyi mtu mwingine: huingia kwa jina lake na kutoka kwa jina lake. Drama huhitaji uigizaji, yaani mtu kuvaa uhusika, pamoja na mgogoro unaokuzwa katika msuko.

Tamthilia nayo ni andiko la drama hiyo. Tuchukue Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Mhusika ni Kinjeketile wa kitabuni. Mwigizaji ni yule anayempa mwili na sauti. Dayalojia ni majibizano ya wahusika. Maelekezo ya jukwaa ni maneno ya mtunzi yasiyotamkwa, yanayoeleza mahali, miondoko na ukimya. Mgogoro wa nje ni baina ya wananchi na utawala wa Kijerumani. Wa ndani ni wa Kinjeketile mwenyewe, anayeingiwa na shaka wakati watu wamekwisha kuyaamini maji.

Tofauti hizi zinatuepusha na makosa mawili: kudai kwamba sanaa za maonyesho zililetwa kwetu na wageni, na kuita kila ngoma drama. Aidha, zinatukumbusha kuwa tamthilia iliandikwa itazamwe. Msomaji anayeruka maelekezo ya jukwaa hupata maneno ya wahusika, akakosa vitendo vyao. Kwa hiyo, katika kila ukurasa mwanafunzi ajiulize: nani anatenda, wapi, na hadhira inaona nini?