Yasemwayo Juu ya Siku ya Ashura: Suali Kutoka Gakoromone

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa aliyehamia Meru na kuuza nguo za mitumba katika soko la Gakoromone, ametuletea barua na ndani yake karatasi iliyokunjwa. Juu ya karatasi hiyo pameandikwa: "Yaliyotokea Siku ya Ashura". Chini yake yamepangwa mambo kumi na tisa: kuwa siku hiyo mbingu ziliumbwa, Nabii Adam akakubaliwa toba yake, safina ya Nuh ikatua, Ibrahim akazaliwa na siku hiyo hiyo akaokolewa na moto, Yunus akatoka tumboni mwa samaki, Ayyub akapona, Suleiman akapewa ufalme, Isa akainuliwa, na kuwa Kiyama pia kitasimama siku hiyo. Mwishoni pana ahadi: mwenye kuwatanulia watu wake matumizi siku ya Ashura, Mwenyezi Mungu atamtanulia riziki mwaka mzima.

Ndugu huyu hakuwa na kitu. Alikopa shilingi 18,000 kwa jirani yake sokoni, muuza viazi, mtu wa Meru asiyekuwa Muislamu. Akachinja mbuzi, akawavika watoto, akalisha majirani. Miezi minane imepita, biashara imezidi kulala, na yule jirani kila siku ya soko humuuliza fedha zake kwa upole unaomtia haya zaidi kuliko matusi. Sasa yeye atuuliza: "Je, Mtume (S.A.W.) alituahidi jambo lisilokuwa?"

Suali hili ndilo lililotufanya tuliweke kando somo tuliloliandaa. Mtu amefika ukingoni mwa shaka, wala hakusukumwa huko na adui wa dini. Amesukumwa na karatasi iliyoandikwa kwa kuisifu dini.

Na tuanze kwa yaliyo thabiti, nayo ni machache. Bibi Aisha amepokewa akisema kuwa Makureshi walikuwa wakifunga siku ya Ashura zama za Jahiliya, na kuwa ilikuwa ni siku ya kuivika Alkaaba nguo yake. Mtume alipohamia Madina, mwaka 622, aliwakuta Mayahudi wakifunga kwa kushukuru kuokoka kwa Nabii Musa na watu wake na Firauni. Akasema kuwa sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha kufungwa. Ilipofaradhishwa saumu ya Ramadhani mwaka wa 2 wa Hijra, Ashura ikawa ni hiari. Imethibiti kuwa saumu yake yatarajiwa kufuta madhambi ya mwaka uliopita, na kuwa Mtume alikusudia kuifunga na siku ya tisa, akafariki kabla haujafika mwaka huo. Kisha, mwaka wa 61, siku hiyo hiyo ya kumi ya Mfunguo Nne, aliuawa Sayyidna Husein pale Karbala, msiba usiohitaji kutiwa chumvi.

Basi. Yaliyobaki katika karatasi, mengi yake hayana wapokezi wa kutegemewa. Ibnul Jauzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 wa Hijra (1201), alikusanya kitabu kizima cha hadithi za kuzuliwa, na fadhila ndefu za Ashura za mfano huu zimo humo. Yaani karatasi iliyobandikwa Gakoromone imebeba maneno ambayo wanazuoni waliyakanusha zaidi ya miaka 800 iliyopita. Karatasi husafiri kuliko kanusho lake.

Lakini hata asiyesoma ilimu ya wapokezi angeweza kujiuliza: ni nani aliyeandika tarehe ya kutua safina? Waarabu wenyewe, kabla ya Uislamu, walikuwa wakiahirisha miezi mitukufu na kuisogeza kwa kupenda kwao, mpaka Kurani ilipolikataza jambo hilo katika Sura ya Tauba, na Mtume katika Hija ya kuaga akatangaza kuwa wakati umerejea mahali pake. Miaka nayo haikuhesabiwa kwa Hijra mpaka ukhalifa wa Sayyidna Umar, mwaka wa 16 au wa 17, ndipo Muharram ikachaguliwa kuwa mwanzo wa mwaka. (Wengi wetu twadhani Hijra yenyewe ilikuwa Muharram. Sivyo: Mtume aliingia Madina Mfunguo Sita.)

Tutoe mfano mwepesi. Kwa hisabu ya kalenda ya zamani ya Kirumi, siku ya Karbala huwekwa 10 Oktoba 680. Hapa Kenya, 10 Oktoba iliitwa Siku ya Moi. Ikaja kuitwa Siku ya Huduma, kisha Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira, watu hupanda miti. Mpenda ajabu angeweza kuandika: "Tazameni siri! Siku aliyouawa mjukuu wa Mtume, ndiyo siku ipandwayo miti!" Wala hapana siri. Ni serikali iliyobadili jina, na ni hisabu iliyokutana na hisabu. Tena huko Roma, Hispania na Ureno, mwaka 1582, hapakuwa na 10 Oktoba kabisa: kalenda iliposahihishwa, watu walilala tarehe 4 wakaamka tarehe 15. Na Ashura yetu haikai katika Oktoba; mwaka wa mwezi wapungua kwa siku kama 11, kwa hiyo mwaka 2024 na 2025 iliangukia Julai.

Mtume mwenyewe alijaribiwa kwa jambo la namna hii. Alipofiwa na mwanawe Ibrahim, angali mtoto anyonyaye, jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Nani angemlaumu baba mwenye huzuni kwa kunyamaza tu? Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Aliyekataa kupambiwa siku ya msiba wa nyumba yake, hahitaji sisi tumpambie siku nyingine.

Ama ile ahadi ya riziki, twapasa kuwa waadilifu. Imamu Ahmad bin Hanbal alipoulizwa hakuiona kuwa ni kitu. Imamu Baihaqi, naye ni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliona njia zake, ingawa ni dhaifu, zikikusanywa zapeana nguvu. Sisi twaelemea kauli ya Imamu Ahmad. Lakini hata aifuataye kauli ya Baihaqi, kutanua ni kwa mwenye nacho. Wapi pamesemwa mtu akakope?

Kwa hiyo, ndugu yetu, Mtume hakukuahidi uongo. Ni mwandishi wa karatasi aliyekuahidi kwa jina la Mtume. Saumu yako ya siku ile, ikiwa ulifunga, ni yako, wala haikuharibiwa na karatasi. Mbuzi uliyewalisha majirani ni sadaka, twaomba ikubaliwe. Lakini shilingi 18,000 ni haki ya mwenyewe, na kutokuwa kwake Muislamu hakuipunguzi hata senti. Usimkwepe. Mwendee kabla hajakujia, mweleze hali yako kama ilivyo, mpangie malipo ya kila wiki hata yakiwa kidogo, na mwandikiane mbele ya mashahidi wawili.

Wenye karatasi nyingine za mfano huu, na tunajua zimo madukani na hata misikitini, watuletee barazani. Mwezi ujao, inshallah, tutaisoma ile ya nuhusi ya Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano.