SOMO LA AFYA: TITI LIKITOLEWA, LAWEZA KUJENGWA TENA?



Katika vikundi vyetu vya Sirisia, Malakisi na Chwele tumezoea kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, mikopo na maji safi. Leo tunaleta jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona tu. Tunaomba wanaume nao wasiondoke mkutanoni, maana linawahusu.

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi katika Kenya. Mara nyingi daktari husema titi litolewe ili kuokoa maisha. Hapo wengine hukimbia. Mama husema, "Afadhali nife nikiwa mzima." Watu wa nyumbani nao husema ati atakuwa nusu mwanamke. Basi anarudi kwa miti shamba, na akija kurudi hospitali ugonjwa umekwisha kuenea.

Neno la kwanza la somo hili ni hili: saratani itibiwe kwanza. Titi laweza kujengwa siku ileile linapotolewa, au baada ya mwaka mmoja, au hata miaka kumi baadaye. Titi laweza kungoja, lakini saratani haingoji.

Linajengwa namna gani?

Njia kubwa ni mbili.

Njia ya kwanza ni kifuko cha silikoni. Kifuko cha namna hii kilianza kutumiwa mwaka 1962 huko Texas, Marekani. Mara nyingi daktari huweka kwanza mfuko mtupu chini ya ngozi au msuli wa kifua. Kila baada ya wiki moja au mbili huuongeza maji ya chumvi kwa sindano, mpaka ngozi ipanuke polepole. Kisha huutoa na kuweka kifuko chenyewe. Upasuaji huu ni mfupi kuliko ule mwingine. Lakini kifuko hakikai maisha yote. Baada ya miaka kadhaa huenda kikahitaji kubadilishwa, na hiyo ni safari nyingine ya hospitali na gharama nyingine.

Njia ya pili ni kutumia nyama ya mwili wa mama mwenyewe, kutoka mgongoni au tumboni. Daktari Tansini wa Italia alieleza njia ya mgongo mwaka 1906, na daktari Hartrampf wa Marekani alieleza ile ya tumbo mwaka 1982. Sisi wakulima tutaielewa upesi. Ukihamisha mche pamoja na udongo wake, mizizi haikatiki. Vivyo hivyo nyama ya mgongo hugeuzwa mpaka kifuani ikiwa bado imeshikana na mishipa yake ya damu. Namna nyingine ni kung'oa mche kabisa na kuupanda mahali pengine: nyama ya tumbo hukatwa, halafu mishipa midogo sana ya damu huunganishwa upya kifuani kwa kutazama kwa darubini. Kazi hiyo huchukua saa nyingi na hutaka daktari aliyeizoea.

Hatari zake ni zipi?

Tusidanganyane, kila njia ina hatari zake.

Kidonda chaweza kuingia viini, kutoa damu au kujaa maji. Kifuko kikiingia viini, mara nyingi hulazimika kutolewa. Mwili waweza pia kukizungushia kovu gumu, titi likakaza na kuuma. Mama aliyepata matibabu ya mionzi yuko katika hatari zaidi ya jambo hili, ndiyo maana daktari huweza kumshauri angoje au atumie nyama yake. Kifuko chaweza kupasuka. Tena mwaka 2019 aina fulani ya vifuko vyenye ngozi ya kukwaruza iliondolewa sokoni kwa sababu ilihusishwa na saratani nyingine ambayo hutokea kwa nadra. Kwa hivyo mama aulize jina la kifuko chake na aitunze kadi yake.

Nyama iliyohamishwa nayo yaweza kukosa damu na kufa, kama mche uliokosa mizizi. Mahali penye madaktari wenye uzoefu jambo hilo hutokea kwa chini ya 5 katika 100. Likitokea, mara nyingi huwa katika siku chache za kwanza: nyama inakuwa baridi, inabadilika rangi. Hapo ni kurudi upasuaji mara moja.

Sasa angalieni jambo ambalo wa mjini huenda wasiliwaze. Msuli wa tumbo ukikatwa, tumbo laweza kulegea au kuota ngiri. Msuli wa mgongo ukihamishwa, bega laweza kupungua nguvu. Je, mama huyu ataishika jembe? Atabeba mtungi wa lita 20 na mzigo wa kuni? Kwa wiki sita hivi, au zaidi, asibebe kitu kizito. Ni lazima amweleze daktari kazi anayofanya nyumbani.

Sigara, ugoro, kisukari kisichotunzwa na unene mwingi huongeza nyingi ya hatari hizi.

Tena titi lililojengwa halinyonyeshi, na mara nyingi halina hisia. Ngozi yake yaweza kuungua kwa sufuria au maji moto bila mama kujua.

Asiyetaka kujengwa

Kutojengwa si kosa. Kidonda kikishapona, fundi wa nguo aweza kushona titi la pamba la kuweka ndani ya sidiria. Jazeni sponji, na mfuko mdogo wa wimbi ili lipate uzito. Wimbi litolewe kabla ya kufua. Kikundi chenye cherehani chaweza kuifanya kazi hii kwa gharama ndogo.

Kabla ya kukubali, mama aulize:

1. Je, nitahitaji mionzi?
2. Njia gani inafaa mwili wangu na kazi yangu?
3. Wewe daktari umeifanya mara ngapi?
4. Nitapasuliwa mara ngapi kwa jumla?
5. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa sehemu gani?

Si kila hospitali inayotoa titi inaweza kulijenga. Madaktari wa kazi hii ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi. Ukianzia hospitali ya Bungoma au Kitale, uliza kama utatumwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, au Kenyatta.

Dalili za kurudi hospitali bila kungoja: homa, usaha, harufu mbaya, kidonda kufunguka, titi kuvimba ghafla hata baada ya miaka, au uvimbe mpya kwapani au katika titi la pili.

Ya kujadiliana kikundini

1. Ni maneno gani ya kwetu yanayomfanya mama akatae upasuaji? Tutayajibu vipi?
2. Mwenzetu akirudi kutoka hospitali, nani atamtekea maji na kumpalilia shamba kwa wiki hizo sita? Andikeni majina na zamu kabla hajaondoka nyumbani.