Vitamini E na Ulinzi wa Seli za Neva

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni inayotumiwa na mwili uliopumzika. Oksijeni hiyo huupatia ubongo nishati. Hata hivyo, sehemu yake ndogo hugeuka kuwa radikali huru, yaani chembe yenye elektroni isiyo na mwenzake. Chembe hiyo hunyang'anya elektroni ya molekuli jirani, nayo jirani hunyang'anya nyingine, hata ukawa mnyororo.

Utando wa seli ya neva una mafuta mengi yanayoharibika upesi kwa njia hii. Vitamini E, iliyogunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop huko California, hukaa ndani ya utando huo. Huitolea radikali atomu ya haidrojeni, na mnyororo hukatika. Ndiyo maana huitwa kizuia-oksidisho.

Ushahidi upo. Katika ugonjwa mmoja wa kurithi, uliochunguzwa sana Tunisia, ini hushindwa kuirudisha vitamini E katika damu. Jeni yenye kasoro ilitambuliwa mwaka 1995. Mgonjwa, mara nyingi angali kijana, huanza kuyumba anapotembea. Akipewa vitamini E kwa wingi kila siku maisha yake yote, hasa akiwahiwa, ugonjwa huzuilika usiendelee.

Je, vitamini hiyo itafaa pia katika ugonjwa wa Parkinson, ambamo seli zinazotengeneza dopamini hufa? Dalili za oksidisho zimeonekana katika ubongo wa wagonjwa hao. Kuanzia mwaka 1987, wagonjwa 800 wa Marekani na Kanada walishiriki katika jaribio. Baadhi yao walipewa vizio 2,000 vya vitamini E kila siku. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya mwaka 1993 yalionyesha kwamba vitamini E haikuchelewesha ugonjwa.

Taa iliyokauka huwaka ikitiwa mafuta. Iliyojaa haiongezi mwanga kwa kumiminiwa mengine. Isitoshe, oksidisho huenda likawa tokeo la ugonjwa, wala si chanzo chake.

Zoezi: Eleza kwa nini baadhi ya wagonjwa walipewa vidonge visivyo na dawa. Bila wao, tungeweza kudanganyika vipi?