Cheti cha Dawa Katika Kompyuta

Mwaka 1998 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba madaktari walipoandika dawa kwa kompyuta badala ya kalamu, makosa makubwa yaliyopita bila kuzuiwa yalipungua kwa asilimia 55. Hata hivyo, mwaka 2005 uchunguzi katika hospitali moja ya Pennsylvania ulitaja njia 22 ambazo mtambo huo huo ulirahisisha makosa.

Tuchukue mfano. Dozi ya kawaida ni miligramu 20 au 30, lakini bohari imenunua vidonge vya miligramu 10 tu. Kioo huonyesha 10, kwa kufuata bohari. Daktari anayejifunza kazi hudhani ndicho kiasi kimpasacho mgonjwa, naye mgonjwa hupata dawa pungufu.

Maonyo nayo yakizidi, hupitwa bila kusomwa. (Mwalimu agombaye kutwa aijua habari hii!)