Jani la Zambarau

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba mmea hujitengenezea chakula katika majani yake. Ulijifunza pia kwamba kazi hiyo haiwezekani bila umbijani, yaani ile rangi ya kijani iliyomo ndani ya majani. Sasa fikiri: mmea wenye majani ya zambarau hupata wapi chakula chake?

Mmea mmoja wa namna hiyo hutoka Uchina. Wataalamu huuita Loropetalum chinense; sisi tutauita loropetalamu. Ni wa jamii ya mimea iitwayo Hamamelidaceae. Jamii hiyo ina mmea mwingine, Trichocladus ellipticus, unaoota katika misitu ya milima ya Tanzania na Kenya.

Loropetalamu ni mti mdogo wenye matawi mengi. Kwa kawaida urefu wake ni kati ya mita 1 na mita 3. Majani yake ni madogo, nayo hukwaruza kidogo yakiguswa, kwa sababu yana vinyweleo. Mmea huu haupukutishi majani yake yote kwa wakati mmoja. Huwa na majani mwaka mzima. Kwa sababu hiyo watu huupanda bustanini kuwa pambo au uzio.

Kila ua lina petali nne, nyembamba na ndefu kama utepe. Jina Loropetalum limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya ukanda na petali.

Loropetalamu wa kawaida una majani ya kijani na maua meupe. Lakini katika jimbo la Hunan, kusini mwa Uchina, iko aina yenye majani ya zambarau na maua mekundu. Wataalamu waliieleza aina hiyo mwaka 1942. Aina hiyo nayo hukua vizuri na kuchanua. Je, umbijani wake uko wapi? Tufanye jaribio.

JARIBIO

Vifaa: majani matatu ya mchicha mwekundu, sufuria ndogo, maji safi, jiko, kijiko na sahani nyeupe.

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako. Jihadhari na maji ya moto.

1. Weka jani moja kando. Usilichemshe.
2. Chemsha maji, kisha tia majani mawili yaliyobaki.
3. Endelea kuchemsha mpaka rangi ya maji ibadilike.
4. Toa majani kwa kijiko, uyaweke sahanini karibu na jani bichi. Yalinganishe.

Umeona nini? Maji yamekuwa mekundu, na majani yaliyochemshwa yameonekana kuwa ya kijani.

Rangi nyekundu ya mchicha na rangi ya zambarau ya loropetalamu si kitu kimoja, lakini zote mbili huyeyuka katika maji. Umbijani hauyeyuki katika maji. Ndiyo maana umebaki ndani ya jani. Basi umbijani ulikuwamo tangu mwanzo, ila ulifichwa na rangi nyingine. Ndivyo ilivyo katika jani la loropetalamu.

Rangi ya zambarau si pambo tu. Jua likiwa kali mno, mwanga wake huweza kulidhuru jani. Rangi hiyo huzuia sehemu ya mwanga huo, kama pazia dirishani. Loropetalamu wa zambarau ukipandwa kivulini, majani yake huelekea kuwa ya kijani.

Kumbuka: usiamue kwa kutazama nje tu. Mwanasayansi huona, huuliza, kisha hujaribu.

MASWALI

1. Kwa nini uliacha jani moja bila kulichemsha?
2. Ni rangi ipi iliyoyeyuka katika maji? Ni ipi ambayo haikuyeyuka?
3. Mtunza bustani alipanda loropetalamu wa zambarau chini ya mti mkubwa. Majani mapya yalipotoka yalikuwa ya kijani, naye akataka kuung'oa akidhani ni mgonjwa. Utamshauri nini?
4. Tafuta mimea miwili yenye majani yasiyo ya kijani karibu na shule yenu. Ichore katika daftari lako na uipake rangi.